Robusta nayo inahitaji mlinzi

Nimechoka kusikia kwamba kahawa ya robusta haihitaji kuhifadhiwa kwa sababu "ipo tele". Maneno hayo yanatokana na orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi: arabika, aina nyingine ya kahawa, imewekwa kati ya mimea iliyo hatarini kutoweka, robusta kati ya isiyo na wasiwasi. Basi wengi wanaishia hapo.

Orodha hiyo hupima mibuni ya mwituni, siyo ya shambani. Arabika ya mwituni iko Ethiopia, na kidogo Sudan Kusini na Marsabit, Kenya. Ile ya Bugisu, mashariki mwa Uganda, ni zao lililoletwa. Hali ya arabika ya mwituni ni mbaya kweli, sibishi. Lakini robusta ya mwituni imeenea kutoka Afrika Magharibi mpaka kwetu Uganda, na upana huo ndio unaoipa alama nzuri. Alama hiyo haikuambii lolote kuhusu misitu yetu ya Kibale, Budongo au Zoka, ambako watu wanakata miti kwa mbao na mkaa.

Na robusta ni mmea unaoishi kwa tofauti kati ya mbuni na mbuni. Arabika hujichavusha, robusta haiwezi. Ua lake hukataa chavua ya mbuni huohuo, hata ya vipandikizi vilivyotoka kwake. Panda ekari nzima, miche kama 435 kwa futi 10 kwa 10, yote vipandikizi vya mama mmoja: shamba litachanua jeupe, kisha utavuna kiboko, yaani kahawa kavu yenye maganda, cha kujaza debe tu. Ugonjwa wa mnyauko ulipoingia Uganda mwaka 1993 na kukausha mibuni kwa mamilioni, ukinzani ulipatikana ndani ya robusta yenyewe, kwenye michache iliyostahimili. Ingekuwa yote ya aina moja, tungepata wapi KR, aina za robusta zinazostahimili mnyauko?

Wala ghala la mbegu halitatuokoa. Mbegu ya kahawa haivumilii kukaushwa na kugandishwa kama mahindi. Ikikaa miezi kadhaa, uotaji unashuka vibaya. Kinachohifadhika ni mbuni ulio hai.

Kwa hiyo msitu ulindwe, na mwenye nganda (robusta ya kienyeji) za zamani zilizoupita mnyauko asizing'oe kabla ya kuchukua vipandikizi. Inamisha shina lichipue, kisha kata machipukizi yaliyosimama wima, kila kipande na pingili moja na majani yaliyopunguzwa nusu. Usitumie matawi ya pembeni: yakiota, mche hutambaa chini na hausimami kamwe.