Msibishanie lami, ulizeni maji yanaishia wapi

Kila barabara ya mtaa ikijengwa watu wanabishania lami. Oo ni nyembamba, oo kontrakta kalipua, kokoto zimeliwa, kelele mwanzo mwisho. Kwa maoni yangu lami ndo kitu cha mwisho kubishania. Barabara nyingi ndogo haziuawi na magari, zinauawa na maji, na huko kwenye maji ndo injinia akimwaga maneno yake kwenye kikao cha mtaa wote mnatikisa vichwa tu na kikao kinafungwa.

Barabara imepangwa hivi: chini kabisa kuna udongo wa asili, juu yake tabaka la chini la msingi, halafu tabaka la juu la msingi, changarawe au kokoto iliyoshindiliwa na roli, halafu ndo lami. Barabara ndogo nyingi wala hazina ile lami nzito ya kuchanganya, wanamwaga lami ya moto wanatawanya kokoto juu wanashindilia, unene unaweza usifike hata sentimita mbili na hamna ubaya wowote, maana ile ni koti la mvua tu, mzigo unabebwa na tabaka za chini. Sasa huo udongo wa chini unapimwa nguvu kwa kipimo kinaitwa CBR, kilitokea idara ya barabara ya California kabla ya vita vya pili vya dunia, na sampuli kwa kawaida inalowekwa majini siku 4 kwanza kabla ya kupimwa. Kwa nini wailoweke? Kwa sababu udongo mkavu unakudanganya. Udongo wa mfinyanzi mkavu ni mgumu kama nini, ukishalowa namba inaporomoka, na lori likipita juu lami inabonyea, inapasuka, maji yanaingia zaidi kwenye ufa na hapo ndo unaanza kuhesabu mashimo.

Kwa hiyo kazi kubwa ni kuyafukuza maji. Kwanza kemba, yaani mgongo wa barabara, katikati juu pembeni chini. Kwenye lami mteremko ni kama asilimia 2 mpaka 3, kwenye changarawe 4 mpaka 6 maana changarawe inashika maji. Greda likiendeshwa na mtu asiyejali linasawazisha ule mgongo kama uwanja wa mpira, barabara inapendeza wiki moja, mvua ya kwanza madimbwi. Halafu bega la barabara, yaani ule ukanda wa pembeni ya lami, hili linasahaulika kuliko vyote. Majani yanaota, mchanga unajikusanya, bega linanenepa mpaka linakuwa juu kuliko barabara yenyewe, maji yakishuka kutoka kwenye kemba yanakuta ukuta yanakaa pale pale ukingoni. Angalia barabara iliyoanza kumeguka pembeni, mara nyingi utalikuta hilo.

Mtaro nao una tabia zake. Maji yakienda polepole yanaacha mchanga na mtaro unajaa, yakikimbia sana yanachimba, ndo maana kwenye mlima unawekewa vizuizi vya mawe na sehemu tambarare unahitaji mitaro ya mchepuo ya kuyatoa maji barabarani kabla hayajawa mengi. Piga hesabu uone: barabara ya upana wa mita 6, urefu kilomita 1, mvua ya milimita 50, hizo ni lita laki 3, na hapo hatujagusa paa hata moja. Lita laki 3 zinaenda wapi? Kwenye miradi mingi ya mitaa jibu la kweli ni kwa mtu, mtaro umechimbwa vizuri kabisa halafu unaishia kwenye kiwanja cha jirani wa mwisho, na kwenye hotuba wanasema drenji imekamilika.

Ukubwa wa kalavati, yaani njia ya maji inayopita chini ya barabara, unatokana na hesabu ya vitu vitatu: eneo linaloleta maji, ukali wa mvua, na kiasi gani cha hayo maji kinatiririka badala ya kunywewa na ardhi. Hicho cha tatu tunakibadilisha wenyewe. Nyasi zinakunywa sehemu kubwa, zege na mabati hayanywi karibu kitu, sasa mtaa mzima ukishasakafia nyua zake kalavati lile lile la zamani linaonekana dogo na lawama zote kwa injinia (na wao wana zao, siwatetei). Na akikwambia kalavati ni la mvua ya miaka 10 usidhani utapumzika miaka 10. Maana yake kila mwaka kuna nafasi 1 kati ya 10 ya mvua hiyo kufikiwa au kupitwa, inaweza kuja mwaka huu na mwakani tena, na ndani ya miaka 10 nafasi ya kuiona angalau mara moja ni kama asilimia 65.

Mwisho kipenyo cha bomba la kalavati. Bomba dogo linaweza kutosha kwenye karatasi lakini likishaziba nani anaingia kulizibua, ndo maana wengi wanakataa kwenda chini ya milimita 600. Mifuniko ya mitaro vile vile. Kontrakta akiweka mfuniko wa zege ambao watu wawili hawauinui, mimi huo mtaro nahesabu ameshauzika.