Kusafisha damu ya asiyeumwa

Wiki chache zilizopita binamu yangu anayefanya kazi Dubai alinitumia tangazo la kliniki. Mtu amejilaza kwenye kiti cha ngozi, sindano mikono yote miwili, na pembeni yake unaning'inia mfuko wenye majimaji mazito ya manjano. Maandishi yalisema hizo ndizo sumu zilizotolewa mwilini mwake. Binamu aliuliza swali moja tu: "Kaka, hii si ndiyo ile ya mama?"

Mama yake ni shangazi yangu. Huu ni mwaka wa nne anasafishwa damu, mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara. Nimekaa naye mara nyingi pembeni ya mashine. Ukiweka vidole juu ya mshipa alioungwa mkononi unasikia damu inatetemeka, kama simu iliyozimwa sauti inayoita mfukoni. Kwa hiyo swali la mwanawe lilinikaa moyoni. Sisi tunasema "kusafisha damu" kwa mashine inayomweka hai shangazi, tunasema hivyohivyo kwa mizizi inayouzwa stendi kwenye chupa za maji, na sasa huduma hii ya watu wenye fedha nayo imekuja kukaa chini ya jina hilohilo.

Iliyoipa umaarufu ni picha ya Machi 2025, pale mwigizaji wa Uingereza Orlando Bloom alipojionyesha Instagram akiwa kliniki moja ya London, amekwenda kuondolewa chembechembe za plastiki na kemikali nyingine. Bei ya pale ilianzia pauni 9,750, zaidi ya shilingi milioni 30 za Tanzania. Kazi yenyewe huchukua kama saa mbili: damu hutoka kwenye mshipa, mashine huitenga plazma, yaani yale majimaji yanayobeba chembe za damu, plazma hupita kwenye chujio, kisha vyote hurudishwa mwilini. Ya shangazi ni nyingine. Dayalisisi, ndiyo hiyo mashine yake, hutoa urea, potasiamu na maji ambayo figo zake zimeshindwa kuyatoa. Hii ya London inawinda vitu vinavyosafiri ndani ya plazma.

Wanaoitetea wana hoja, na nadhani tumekuwa wepesi mno kuwapuuza. Kumbadilishia mgonjwa plazma, yaani kuiondoa yake na kumwekea nyingine au majimaji mbadala, ni tiba kamili ya hospitali. Upo ugonjwa uitwao TTP, ambao damu huganda kwenye vimishipa vidogo mwili mzima. Kabla ya tiba hii uliua zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10, leo walio wengi hupona. Mwenye Guillain-Barré, ambaye kingamwili zake mwenyewe zinashambulia neva mpaka miguu inakataa, hupata nafuu mapema akibadilishiwa plazma mapema. Na hofu ya plastiki haikutungwa na wauzaji. Mwaka 2022 watafiti wa Uholanzi walipima damu ya wachangiaji 22, wakakuta plastiki kwa 17. Mwaka 2024 watafiti wa Italia walichapisha habari za wagonjwa 257 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya shingo: wale ambao utando wa mafuta uliotolewa ulikutwa na plastiki walikuwa na hatari zaidi ya mara nne ya kupata mshtuko wa moyo, kiharusi au kufariki katika miaka karibu mitatu iliyofuata. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba plastiki ndiyo iliyowadhuru, lakini mtu akiusoma na kuogopa simlaumu.

Hata lile jibu la siku zote, kwamba ini na figo zinatosha, lina upungufu. Figo huchuja karibu lita 180 za majimaji kwa siku, na bado baadhi ya kemikali za PFAS, zile za vikaango visivyoshika na za povu la kuzimia moto, hukaa mwilini miaka. Huko Victoria, Australia, askari wa zimamoto 285 wenye kemikali hizo walifuatiliwa mwaka mzima. Kundi moja lilichangia plazma kila wiki sita, jingine likachangia damu kila wiki 12, la tatu halikutoa kitu. Aina moja ya PFAS ilishuka kwa nanogramu 2.9 kwa mililita kwa waliotoa plazma, kutoka kama 11, na kwa 1.1 kwa waliotoa damu. Wasiotoa walibaki vilevile. Kwa hiyo zipo sumu zinazotoka damu ikitolewa, hilo nalikubali bila kusitasita. Ila utafiti huo ulipima kemikali. Haukuonyesha kwamba askari hao waliugua kidogo zaidi, na walichofanya ni kuchangia damu tu, kama tunavyochangia sisi.

Ugomvi wangu na tangazo la Dubai unaanzia kwenye ule mfuko. Manjano ni rangi ya plazma yenyewe, ya kwangu na yako. Mtu akila chapati na nyama ya mafuta saa chache kabla, plazma yake huweza kutoka nzito kama maziwa. Kinachonaswa na chujio la aina hiyo ni protini kubwa zaidi: kingamwili, protini za kugandisha damu, pamoja na kolesteroli. Nyingi kati ya hizo ni mali ya mwili. Mwaka 2025 watafiti wa Ujerumani waliripoti kuona vitu vinavyofanana na plastiki kwenye majimaji yaliyotolewa kwa wagonjwa 21, lakini hawakuonyesha damu ilikuwa na plastiki kiasi gani kabla na kiasi gani baada. Na mirija, mifuko na machujio ya mashine yote ni plastiki. Bila vipimo hivyo viwili mfuko haushuhudii kitu.

Tumeshawahi kuona hofu ikiwatangulia madaktari. Baada ya UVIKO-19, watu waliobaki na uchovu usioisha walisafiri mpaka Ujerumani na Cyprus kuoshwa damu, wengine wakimaliza akiba zao. Ilipokuja kupimwa sawasawa nchini Hispania, wagonjwa 50 waligawanywa, nusu wakabadilishiwa plazma kweli na nusu wakafanyiwa ya kuigiza, bila kujua nani kapata ipi. Matokeo yaliyochapishwa 2025 hayakuonyesha tofauti. Kuhusu dai jingine la huduma hii, kwamba inarudisha ujana, yapo majaribio madogo yanayoonyesha vipimo vya umri wa seli vikishuka, lakini hayajaonyesha kwamba mtu anaishi zaidi.

Hatari zake si za kutisha, lakini zipo. Dawa ya kuzuia damu isigande hushusha kalsiamu, midomo ikaanza kuchonyota. Kinga hupungua kingamwili zikitolewa. Kila mlango unaofunguliwa kwenye mshipa ni mlango wa vijidudu: shangazi, kabla ya kuungwa mshipa wa mkononi, alipata maambukizi kwenye mpira wa shingoni akalazwa wiki mbili, akitetemeka kwa homa chini ya mablanketi matatu. Kwake hatari hiyo inabebeka, kwa sababu bila mashine hana mwezi. Mwanawe ana miaka 38 na figo mbili zinazofanya kazi. Sioni anabeba hatari hiyo kwa faida gani.

Nilimpigia nikamweleza hivyo, na nikamwambia awaulize kwa maandishi: ni sumu ipi, wataipima kiasi gani kabla na baada, na nani aliyepona nini kwa kuondolewa hiyo. Halafu nikamkumbusha figo za mama yake zilikufaje. Ilikuwa presha, ya miaka, isiyouma popote, ambayo hakuna aliyeipima mpaka miguu ilipovimba. Nikamwomba, kabla ya kulipia mashine yoyote, apime presha, sukari na kreatinini, kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi.

Alinyamaza kidogo, akasema sawa. Ijumaa akanitumia picha ya karatasi ya maabara. Kreatinini iko salama. Presha 152 kwa 96, na walipoirudia siku ya pili haikushuka. Ameanza dawa.