Ulijisikiliza lini mara ya mwisho?

Kijana anayejitolea ofisini kwetu amerudi kutoka kwenye usaili wa kazi Dodoma na jibu lile lile. Mchujo amepita, mahojiano ameanguka, na hii ni mara ya tatu. Alikaa kwenye benchi nje ya masjala, begi bado mgongoni, akaniambia, "Dada, kujieleza mimi sina shida kabisa. Hapo kuna kujuana tu."

Nikamwuliza: hilo la kwamba huna shida, umelijuaje? Akanitazama kama nimemtukana. Niliuliza kwa uchungu, maana mimi mwenyewe nilikaa miaka tisa kazini bila mtu kuniuliza swali hilo, na miaka hiyo nimeipoteza.

Sisi watumishi tumezoeshwa kwamba kujitathmini ni kujaza. Kwenye OPRAS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma ulioanza 2004, mawasiliano yalikuwa na sehemu yake: kujieleza kwa maandishi, kujieleza kwa mdomo, kusikiliza na kuelewa. Unajiwekea alama, 1 ndiyo ya juu na 5 ndiyo ya chini, msimamizi wako anaweka yake, mnakubaliana moja. Mwezi wa sita, meza imejaa majalada, nani alitulia akafikiri? Kwenye kusikiliza nilijipa 1 kila mwaka. Bosi akaandika 2, tukasaini, yakaisha. Leo tuko PEPMIS, mfumo wa kielektroniki uliochukua nafasi yake, ila tabia ya kujipa alama bila ushahidi tumehama nayo.

Na kichwa peke yake hakiwezi kukupa ushahidi huo. Mwaka 1990, pale Stanford, Elizabeth Newton aliwataka watu wagonge mezani kwa vidole mdundo wa nyimbo zinazofahamika, wenzao wazitambue. Wagongaji walikisia kwamba nusu zitatambuliwa. Kati ya nyimbo 120 zilizogongwa, zilitambuliwa 3. Anayegonga anausikia wimbo mzima kichwani, sauti na maneno. Aliyekaa mbele yake anasikia ko, ko, ko. Hivyo ndivyo tunavyoongea na wananchi, na mabosi, na jopo la usaili, kisha jioni tunajiambia tumeeleweka.

Mimi nilijua hivyo kijijini. Tulikwenda kueleza mikopo ya asilimia 10, ile ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na kwa kuwa taarifa ya mkutano ilikuwa juu yangu, nilimwomba mwenyekiti ruhusa nirekodi kwa simu ili nisisahau mambo. Usiku, gesti, nikavaa spika za masikioni nianze kuandika. Mkutano ulikuwa wa dakika 52. Nilipopiga hesabu, dakika 41 nilikuwa naongea mimi. Neno "andiko", yaani maelezo ya mradi ambayo kikundi kinaombea mkopo, nimelitaja mara 14 na hakuna mahali nimesema andiko lenyewe ni kitu gani, linaandikwa na nani, linapelekwa wapi. Halafu, katikati kabisa, inasikika sauti ya mama mmoja wa makamo, taratibu: "Akifa mwenzetu mmoja kwenye kikundi, deni lake analibeba nani?" Nami namjibu, kwa sauti nzuri tu, "Tutalifikia hilo, mama." Nikasikiliza hadi mwisho. Sikulifikia. Nikarudisha nyuma, labda limenipita. Halikuwepo.

Mwaka ule nilikuwa nimejipa 1 kwenye kusikiliza.

Wiki mbili baadaye nilirudi na jibu lake. Nilimkuta uani anamenya mihogo. Alinikaribisha vizuri, akanipa kigoda, akaniambia wenzake walishajitoa. Swali lile ndilo lililokuwa linawatisha wote, na yeye ndiye waliyemtuma aulize.

Tangu hapo narekodi. Si kila siku, lakini kila ninapobeba jambo zito, na kila mara kwa ruhusa. Nikisikiliza natafuta vitu vichache: nimeongea muda gani kulinganisha na wao, swali gani nimeliruka, neno gani nimelitumia kana kwamba wote wamesoma nilichosoma. Madokezo ninayoandika ofisini nayalaza usiku mmoja, asubuhi nayasoma kwa sauti; sentensi inayonikata pumzi naivunja. Sikwenda kozi yoyote. Mwaka uliofuata mkuu wa idara alianza kunituma mimi kuwasilisha taarifa kwenye kikao cha menejimenti, kazi ambayo zamani alikuwa haniamini nayo, na naona sasa kwamba alikuwa na haki.

Mtasema kujuana kupo. Kupo, sibishi, na kunaniuma kama kunavyowauma ninyi. Lakini kujuana hakukuzuii kujua unavyosikika. Wengine mtasema tatizo ni Kiingereza. Mara chache ni hicho. Anayejibu swali ambalo hakuulizwa atashindwa kwa lugha yoyote. Na kumwomba rafiki akukosoe ni vizuri, ila rafiki atakuhurumia. Rekodi haina huruma ya namna hiyo.

Basi nikamwita kijana ndani, nikaweka simu mezani, nikamwuliza kama wanavyouliza wao: "Tueleze kazi uliyowahi kuifanya." Akaongea. Tulipoisikiliza, dakika nzima na sekunde zaidi ya 40 alikuwa anashukuru jopo, anataja shule alizosoma na kusema yeye ni mchapakazi anayependa kujituma. Hakuna kazi hata moja. Aliinamisha kichwa, kidole kikizungukazungukia ukingo wa meza. Mara ya pili aliisikiliza mwenyewe, akiwa amegeukia dirishani.

Nilidhani ataaga aende zake. Akasema, "Dada, tuirudie."

Akaanza upya: "Mwaka jana nilizunguka vijiji sita kusaidia vikundi vya wanawake kuandaa maandiko yao. Kijiji cha kwanza tulikosea..." Hapo nikanyanyua kichwa. Tumekaa naye ofisi moja miezi kumi na minne, na habari ya kile kijiji cha kwanza nilikuwa siijui. Saa kumi na moja na nusu mlinzi alikuja na funguo zake, tukahamia benchi la nje.