IST au Rush? Jibu langu kwa mdogo wangu wa Mwanjelwa

Mdogo wangu anauza vitenge soko la Mwanjelwa, Mbeya, na akiba yake ya gari imeanza kutosha. Kila akipiga simu, baada ya shikamoo linafuata lilelile: "Dada, wewe huko unaona magari ya kila aina. Nichukue IST, au nijikaze nipate Rush?" IST ni kigari kidogo cha chini cha Toyota; Rush ni SUV yao ndogo, yaani gari lililoinuka. Najua lilikotoka swali hilo. Kuna wanaume wa kijiweni wanaomwambia gari la chini halina heshima. Kwenye simu nimemjibu vipande vipande. Leo naandika yote, maana si yeye peke yake anayeuliza.

Huku Birmingham, ambako nimeishi miaka 11, SUV ndogo zimeshinda. Ford Fiesta, kigari kilichoongoza mauzo Uingereza kwa miaka mingi, kiliacha kutengenezwa Julai 2023. Mwaka huohuo gari jipya lililouzwa kuliko yote nchini lilikuwa Ford Puma, na Puma ni msingi wa Fiesta ulioinuliwa na kuvishwa mwili mkubwa zaidi. Mimi bado ninayo Fiesta; jirani ana Puma, na nimeshaiendesha. Unakaa juu kidogo, buti inameza mizigo mingi zaidi, basi. Magurudumu yanayovuta ni yaleyale mawili ya mbele. Mtaa wetu ni lami hadi mlangoni, magari yameegeshwa pande zote mbili, na mtoto akichomoka katikati ya magari marefu humwoni mpaka ameshafika barabarani. Kwa maisha ya huku, naona watu wanalipia urefu wasio na kazi nao.

Nyumbani hesabu ni nyingine, ila si ile ya kijiweni.

Desemba nilichukua kigari cha kaka kumpeleka mama kijijini, Rungwe. Uyole hadi Tukuyu ni lami. Ukungu wa Isongole ulitupunguza mwendo tu. Tulipoiacha lami tukaingia njia ya migombani, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nikakwepa korongo upande wa kushoto, nikalipanda jiwe. Nilisikia kishindo chini ya miguu. Kuchungulia, oili inadondoka juu ya lile jiwe, tone baada ya tone. Sampo, bakuli la oili chini ya injini, imepasuka. Kijana mmoja alikimbia kumwita fundi. Akaja na mfuko wake, akakata jani la mgomba, akalitandika topeni, akalala juu yake na kuanza kukanda gundi ya chuma vidoleni kama anayekanda unga wa chapati. Muda wote huo mama alikuwa bado ndani ya gari. Nilidhani anaogopa tope. Kumbe magoti yamemgomea: kiti kiko chini mno, ameshika mlango kwa mikono miwili, hawezi kujiinua, na ameona aibu kuniita.

Kwa hiyo habari ya heshima siitaki. Ninachomuuliza mdogo wangu ni hiki: lami yako inaishia wapi, na unambeba nani?

Kwa anayezunguka Mwanjelwa, Kabwe, Soweto na Uyole, IST inatosha kabisa. Nyingi injini ni ya 1300 au 1500, mafuta inatumia kidogo, vipuri vimejaa madukani, na fundi yeyote anaijua. Kuipandisha kwa spesa, vile vipande vinavyowekwa kwenye springi ili gari linyanyuke, siungi mkono: unapata vidole viwili vya urefu, unachosha jointi za ekseli. Tena kuna IST za 1500 zenye forwili, yaani zinazovuta kwa magurudumu yote manne, na kwenye utelezi hizo zitapita mahali ambapo SUV isiyo na forwili inabaki ikizungusha matairi. Rush nazo si zote zenye forwili. Nyingine zinasukumwa na magurudumu ya nyuma tu, na zikiwa zimeegeshwa kwa macho huzitofautishi. Mlete fundi aingie uvunguni kabla hujatoa hela. Injini ya Rush ni 1500 pia, lakini mwili ni mzito, kwa hiyo mlima wa kwenda Chunya utauona kwenye geji ya mafuta. Na kwenye miteremko yetu urefu hausaidii chochote. Tia gia ndogo, usishuke umekanyaga breki toka juu hadi chini.

Mdogo wangu, ingekuwa ni wewe na vitenge vyako tu, ningekwambia IST na tungemaliza. Lakini mama ana kliniki kila mwezi, na ni wewe unayemfuata kijijini na kumrudisha. Tafuta Rush, yenye forwili. Pesa inayopungua nitaitoa mimi. Nitaituma mwisho wa mwezi huu.