Banjo za Kale Zisizo na Freti: Zimehifadhiwa au Zimefungiwa?

Banjo ni ala ya nyuzi yenye shingo ndefu na ngozi iliyowambwa kama ngoma. Nyingi kati ya zilizotengenezwa Marekani kabla ya miaka ya 1880 hazikuwa na freti, yaani vile vipande vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa. Mpigaji aliitafuta sauti kwa kidole na sikio, kama afanyavyo mpiga udi katika taarabu. Leo ala hizo ni adimu, na nyingi kati ya zilizosalia zimo mikononi mwa watu binafsi. Je, wakusanyaji hao wanaiokoa historia ya banjo au wanaificha?

Wakusanyaji wanastahili kupewa haki yao. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, banjo kuukuu iliyochanika ngozi ilihesabiwa kuwa takataka, na kama si watu waliozitafuta na kuzilinganisha moja baada ya nyingine, tungejua machache sana kuhusu William Boucher wa Baltimore, mtengeneza ngoma aliyezaliwa Ujerumani, ambaye katika miaka ya 1840 alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutengeneza banjo za biashara, zenye vyuma vya kukazia ngozi. Wala makumbusho si salama nyakati zote: ala ya aina hii ambayo Victor Schoelcher, Mfaransa aliyepinga utumwa, aliichukua Haiti mwaka 1841 ilikaa Paris miaka mingi bila kutambuliwa thamani yake, hadi mwanzoni mwa karne hii.

Hata hivyo, tatizo kubwa liko katika kile kinachokusanywa. Banjo ilizaliwa mikononi mwa Waafrika waliofanywa watumwa katika visiwa vya Karibi na Amerika, nayo ina ndugu zake Afrika Magharibi, kama vile akonting ya Wajola wa Senegal na Gambia. Waliitengeneza kwa kibuyu, ngozi na kijiti, kama inavyoonekana katika mchoro wa rangi za maji uliochorwa South Carolina mwishoni mwa karne ya 18. Vibuyu vilivunjika na kuoza, na hakuna aliyevipiga muhuri wa jina lake. Soko la leo hulipia jina la mtengenezaji, na kwa sababu hiyo bei yenyewe humfundisha mnunuzi kwamba historia ya banjo ilianzia katika karakana za Wazungu. Tena karakana hizo ziliwauzia ala waigizaji Wazungu waliojipaka weusi usoni ili kuwadhihaki watu weusi. Mkusanyaji anayesifu ubora wa mbao na kulinyamazia jambo hilo ameeleza nusu tu ya kitu anachomiliki.

Kuna pia suala la ukarabati, ambalo mimi naliona gumu kuliko yote. Freti zilipoanza kupendwa, baadhi ya wenye banjo za zamani waliziongezea. Kuzing'oa kunairudisha ala katika umbo lake la kwanza, lakini kunafuta ushahidi wa jinsi mpigaji wa kizazi kilichofuata alivyoitumia. Ngozi ya zamani nayo ikibadilishwa ili ala ilie, alama za vidole na jasho huondoka nayo. Ikiachwa, ala hubaki bubu. Kwa maoni yangu, ala asilia iachwe ilivyo, na sauti itafutwe katika nakala.

Nakala hizo zimethibitisha faida yake. Rhiannon Giddens, mwanamuziki Mmarekani mweusi kutoka North Carolina, hupiga nakala ya banjo ya mwaka 1858, na kupitia kwake wengi wameisikia sauti hiyo nzito ya nyuzi zisizo za chuma. Nakala ya namna hiyo haitengenezeki vizuri pasipo mwenye ala asilia kukubali ipimwe. Kwa hiyo namuunga mkono mkusanyaji anayefungua mlango kwa mafundi na watafiti, na sioni utetezi wa anayeficha.

Minada nayo ina wajibu wake. Banjo isiyo na jina la mtengenezaji, iliyotoka katika shamba fulani la Virginia, huenda ikawa na habari nyingi kuliko ile yenye muhuri wa Baltimore; ikiuzwa bila maelezo ya familia na mahali ilikotoka, habari hizo hupotea siku hiyohiyo, na hakuna mtaalamu atakayeweza kuzisoma katika mbao peke yake.