Msiisingizie bahari peke yake

Chombo cha uvuvi kikipotea na watu wake, maneno ni yaleyale: bahari imewachukua. Huwa yanasemwa kwa nia njema, kumfariji mjane. Mimi yamenichosha, maana yanafunga mazungumzo kabla hayajaanza.

Tarehe 15 Januari 2004, chombo cha Wafaransa kiitwacho Bugaled Breizh, urefu wake mita 24, kilizama karibu na pwani ya Cornwall, Uingereza, kikiwa na wavuvi watano. Nahodha alipata nafasi ya kumwita kwa redio mwenzake wa chombo cha jirani, aje haraka, wanapinduka. Hakupona hata mmoja. Familia ziliamini kwamba nyambizi ilinasa nyaya za juya lao, yaani wavu wa kukokota, na kuwavuta chini. Huko Ufaransa jalada lilifungwa bila mtu kushtakiwa, na Novemba 2021 jaji mjini London akasema hapakuwa na nyambizi, juya lilinasa kwenye sakafu ya bahari. Miaka 17 ya kungoja jibu, na jibu lenyewe halikuwaridhisha.

Nyambizi au sakafu, kinachonitisha ni wepesi wa jambo lenyewe. Juya likinasa huku winchi na injini zikivuta, nyaya hukandamiza shetri, sehemu ya nyuma ya chombo. Maji yanapanda sitaha, yanakuta mlango ulioachwa wazi kwa sababu chumba cha injini kina joto. Yakishaingia hayatulii: chombo kikiinama kulia nayo yanakimbilia kulia, kikijaribu kuinuka yanakizuia. Kinakwenda mrama mara mbili tatu, halafu hakiinuki tena. Aliyelala chini hana muda hata wa kutafuta ngazi.

Na mara nyingi safari hiyo huanzia nchi kavu. Mwenye chombo anabadilisha winchi, anafunga nzito zaidi. Mwaka unaofuata anaongeza mlingoti wa kuinulia mizigo, kisha anajenga kibanda juu ya sitaha. Kila nyongeza ni ndogo, na hakuna anayekaa kupiga hesabu upya kujua kama chombo bado kinaweza kujiinua. Kwa nini asite? Kilienda, kikarudi.

Sheria nazo zimewapa kisogo wadogo. Mkataba wa kimataifa wa Torremolinos wa 1977, unaohusu usalama wa vyombo vya uvuvi, na Makubaliano ya Cape Town ya 2012 yaliyokuja kuufufua, vimeandikwa kwa vyombo vya mita 24 na zaidi. Vingi mno vya wavuvi duniani havifiki hata mita 12.

Watu husema wavuvi wenyewe ni wakaidi, wanatoka hata hali ya hewa ikiwa mbaya. Ni kweli, wanatoka. Lakini anayelipwa kwa mgao wa samaki, akikaa bandarini siku tatu, ni siku tatu bila senti. Huo ukaidi una bei, na anayeipanga bei hiyo hayumo chomboni.

Kuhusu jaketi za kujiokolea sina huruma na yeyote. Ndiyo, zile nene zinakera ukivuta nyavu. Zipo nyembamba zinazojijaza hewa zikigusa maji, na vipo vifaa vinavyojifyatua na kutuma ishara chombo kikizama. Jaketi lililokunjwa chini ya kitanda huzama pamoja na kitanda.