Kliniki isiyojua bamvua

Bibi yangu anakaa kisiwa cha Pate. Zahanati ya kijijini humpima presha, lakini tangu sukari ianze kumla macho ameambiwa ahudhurie kliniki Amu, yaani mji wa Lamu. Kila mara huandikiwa tarehe na saa mbili asubuhi, na hakuna anayemuuliza siku hiyo maji yatajaa saa ngapi.

Wasafiri wa kwetu wanajua. Wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu (siku ya 15), bahari hujaa alfajiri na alasiri. Ikifika saa nne asubuhi yamekupwa, na Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, haupitiki. Kuzunguka nje ya kisiwa cha Manda kusi likivuma, simtakii mzee wa miaka 78. Basi tunaondoka bandari ya Mtangawanda saa kumi usiku, bibi kashikwa huku na huku na mabaharia wawili, halafu tunakaa Amu tukingoja mlango ufunguliwe. Kurudi ni kwa maji ya alasiri. Siku nzima imekwisha, na kwa daktari amekaa dakika kumi. Zile shilingi 2,000 za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee, nusu imeliwa na boti.

Mara ya mwisho palikuwa na jingine. Mashine ya kusajili bima ya afya ya serikali, SHA, ilikataa kidole chake. Amesuka mikeka tangu utotoni, ukindu umemlamba vidole vikawa laini kama karatasi. Karani akanigeukia: “Mwambie akandamize.” Akandamize nini? Na kwa nini aniambie mimi? Bibi anasikia kuliko sisi sote, na hata shikamoo hakupewa.

Ibara ya 57 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema mzee aishi kwa heshima. Watu wakizungumzia huduma bora hutaja mashine na majengo, nami sikatai mashine (hiyo ya kidole kwanza itengenezwe). Lakini kuna dawa isiyogharimu kitu: watungike kalenda ya Kiislamu pale ukutani. Mwezi 7 na mwezi 22 (siku ya 7 na ya 22 tangu mwezi kuandama), au karibu na hapo, ni maji mafu, yaani maji madogo, na bahari hujaa asubuhi watu wakiwa macho. Wagonjwa wa visiwani wapangiwe siku hizo.

Bibi alijaribu kumweleza kijana anayeandika tarehe. Akacheka, akadhani ni utani wa wazee.

Tulipotoka nikamsomea tarehe mpya kwenye kadi. Akahesabu kwa vidole vile vile vilivyokataliwa, akanyamaza kidogo. “Mwezi kumi na tano, mwanangu. Mwambie nahodha mapema.”